Mchemsho wa kuzuia saratani isisambae: uchambuzi wa kisa cha mgonjwa wa saratani ya tumbo nchini China

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, madaktari na familia zinazomhudumia mgonjwa wa saratani huku dawa za mitishamba zikichemka jikoni. Jina, mji, hospitali na tarehe vimeondolewa. Muda umehesabiwa kuanzia siku ya upasuaji.

Usuli

China peke yake hubeba zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wapya wa saratani ya tumbo duniani kila mwaka. Mzigo mkubwa uko katika mikoa kama Shandong na Gansu, ambako maambukizi ya bakteria Helicobacter pylori ni ya kawaida na mboga za kuvundika kwa chumvi zimekuwa chakula cha kila siku kwa vizazi. Huko tiba asili haifichwi uchochoroni. Hospitali kubwa huwa na idara yake, matabibu wake wamesoma chuo kikuu, na duka lake la dawa hupima mizizi kwa gramu. Mgonjwa anaweza kutoka kwa daktari wa saratani asubuhi na kuingia kwa tabibu wa mitishamba ghorofa ya chini kabla ya mchana. Ndani ya hospitali moja huo ni utaratibu mzuri. Matatizo huanza pale anapotokea tabibu wa pili nje ya ukuta, ambaye hakuna faili linalomtaja.

Mgonjwa wetu alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mvutaji sigara, mwenye mke na watoto watatu wakubwa. Kwa miezi mitatu alikuwa akishiba baada ya vijiko vichache na kuhisi maumivu chini ya chembe cha moyo, akayatuliza kwa chembechembe za dawa ya tumbo za dukani. Uzito ulishuka kutoka kilo 66 hadi 59. Hemoglobini ilikuwa 9.4. Kipimo cha kamera kilionyesha kidonda sehemu ya chini ya tumbo la chakula, na kinyama kilichokatwa kikathibitisha adenokasinoma isiyopevuka, yenye seli za umbo la pete ya muhuri. Aina hii ina tabia ya kupenya ukuta wa tumbo na kudondosha seli kwenye peritonea, yaani utando unaofunika viungo vya tumboni. HER2, protini ya seli za saratani inayolengwa na dawa maalumu, ilikuwa hasi. CT-skani haikuonyesha kitu kwenye ini wala mapafu.

Mfululizo wa matukio

Wiki ya 0. Alikatwa sehemu ya chini ya tumbo la chakula pamoja na tezi za limfu za kiwango cha D2, yaani zilizo karibu na tumbo na zile zinazofuata kando ya mishipa yake mikubwa. Tezi 28 zilichunguzwa, 5 zikakutwa na saratani. Uvimbe ulikuwa umetoboa hadi utando wa nje wa tumbo la chakula. Daraja: T4a N2 M0 (T ni kina cha uvimbe, N ni tezi, M ni kusambaa mbali), hatua ya IIIA. Kingo za mkato zilikuwa safi. Maji ya kuosha peritonea hayakuchukuliwa kwa ajili ya kutafuta seli.

Wiki ya 4. Uzito kilo 56. Hana hamu ya kula, tumbo linajaa gesi, kinyesi chepesi. Idara ya tiba asili ya hospitali ilimwandikia mchemsho unaotokana na kanuni (orodha ya dawa na vipimo vyake) ya zamani ya kuimarisha wengu na tumbo, dawa zikitajwa kwa majina ya Kichina: huangqi gramu 30, dangshen 15, baizhu 15, fuling 15, chenpi (maganda makavu ya chenza) 9, banxia iliyotayarishwa kwa tangawizi 9, na mzizi wa susu gramu 6. Alipewa maelekezo haya: loweka nusu saa katika chungu cha udongo, maji yapande vidole viwili juu ya dawa, chemsha, punguza moto, acha dakika 30, chuja, ongeza maji, chemsha tena dakika 20, changanya maji yote mawili na unywe nusu asubuhi, nusu jioni. Sufuria ya chuma au alumini isitumike. Nakala ya kanuni iliwekwa kwenye faili la saratani.

Wiki ya 5. Tibakemikali ilianza: oksaliplatini 130 mg kwa kila mita ya mraba ya mwili siku ya kwanza, na kapesitabini 1000 mg kwa mita ya mraba mara mbili kwa siku, siku 14, kisha mapumziko ya siku 7. Kwa mwili wake ilikuwa oksaliplatini 200 mg na vidonge vitatu vya 500 mg asubuhi na jioni. Mizunguko minane ilipangwa.

Wiki ya 8. Mzunguko wa pili. Anakula milo mitano midogo kwa siku, uzito kilo 57.5. ALT, kimeng'enya kinachopanda damuni seli za ini zikiumia, ni 31.

Wiki ya 9. Shemeji yake alimpeleka kwa tabibu binafsi katika mji mwingine. Maneno yaliyoivuta familia yalikuwa mafupi: dawa ya hospitali inaongeza nguvu tu, hii inazuia saratani isisambae. Kanuni hiyo ilikuwa na vitu 19. Vya kutazama ni mimea ya baihuasheshecao gramu 30 na banzhilian 30, mzizi wa ezhu 15, tandu wakavu watatu, na mzizi wa heshouwu mbichi gramu 30 "kwa ajili ya damu." Juu yake kulikuwa na unga wa kahawia kwenye pakiti zisizo na maandishi, kijiko kimoja kwa siku. Mchemsho wa hospitali uliachwa. Hospitali haikuambiwa.

Wiki ya 11 na 14. Mizunguko ya tatu na ya nne. ALT kabla ya mzunguko wa nne ilikuwa 88. Ilipita bila kuulizwa, kwa sababu tibakemikali mara nyingi hupandisha kiasi hicho.

Wiki ya 17. Amekuja kwa mzunguko wa tano. Amechoka, mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya njano. ALT 612 (kikomo 40), ALP, kimeng'enya kinachopanda zaidi njia za nyongo zikiumia, 168 (kikomo 125), bilirubini, rangi ya njano ya nyongo, 84 (kikomo 21), INR, kipimo cha kuganda kwa damu, 1.3. Mzunguko ukasimamishwa. Ultrasaundi: njia za nyongo hazijapanuka, ini halina vivimbe. Virusi vya homa ya ini B: HBsAg (alama ya maambukizi yaliyopo) hasi, kingamwili za zamani zipo, DNA ya virusi haipatikani. Dhana iliyoandikwa kwenye faili: sumu ya kapesitabini na oksaliplatini. Alirudishwa nyumbani kupumzika. Alipumzika, na akaendelea kunywa mchemsho mara mbili kwa siku.

Wiki ya 19. ALT 890, bilirubini 131. Muuguzi aliyekuwa akichukua damu alimuuliza binti swali lililokuwa halijaulizwa na mtu: kando na vidonge vyetu, baba anakunywa nini kingine nyumbani, chochote kinachopita mdomoni? Kesho yake binti alileta karatasi ya kanuni, mabaki ya mizizi kutoka kwenye chungu na pakiti mbili za unga.

Wiki ya 19 hadi 28. Kila kitu cha mitishamba kilisimamishwa siku hiyohiyo. Siku ya nane ALT ilikuwa 410. Bilirubini ilianza kushuka wiki ya pili. ALT ilirudi kawaida wiki ya 28.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa chumba cha upasuaji: kutochukua maji ya peritonea. Sababu iliyoandikwa ni kwamba CT ilikuwa safi. Kwa uvimbe wa T4a wenye seli za pete hiyo haitoshi. Vinundu vya saratani vya ukubwa wa chembe ya uwele havionekani kwenye CT. Kamera ya tumboni kabla ya upasuaji, pamoja na kuosha peritonea kwa maji ya chumvi na kutafuta seli ndani yake, ingeweza kuonyesha kama ugonjwa tayari ni M1, yaani umeshasambaa. Mgonjwa angeanza na tibakemikali na mazungumzo mengine kabisa na familia yake.

Uamuzi wa pili, kuongeza mchemsho wa wiki ya 4, ulikuwa na lengo linalopimika: hamu ya kula, kinyesi, uzito. Daktari wa saratani aliukubali kwa masharti matatu: vipimo vya ini kabla ya kila mzunguko, potasiamu ipimwe kwa sababu ya susu (gliserizini yake hushusha potasiamu na kupandisha shinikizo la damu), na kanuni isibadilishwe bila yeye kujua. Masharti yaliandikwa. Familia haikupewa nakala, wala hawakuelezwa kwa nini badiliko dogo lina uzito.

Uamuzi wa familia wa wiki ya 9 hautokani na ujinga. Walikuwa wamesomewa ripoti yenye maneno "tezi 5 kati ya 28" na hakuna aliyekaa nao kueleza kwamba kazi ya kuzuia kurudi kwa ugonjwa ilikuwa mikononi mwa tibakemikali ile ile iliyokuwa ikimtia mzee ganzi vidoleni. Walisikia kwamba upasuaji umetoa uvimbe na dawa za mshipa "ni za nyongeza." Aliyewaahidi kinga alipata wateja waliokwisha kuogopa.

Uamuzi wa wiki ya 28 ulikuwa mgumu. Tangu kuanza kwa mzunguko wa nne zilikuwa zimepita wiki 14. Daktari alipendekeza kurudi na kapesitabini peke yake kwa robo tatu ya dozi, vipimo vya ini kila wiki. Mgonjwa alikubali mizunguko miwili, kisha akakataa. Alisema ini lake haliaminiki tena.

Matokeo

Mwezi wa 14 tumbo lilianza kujaa na choo kikakwama. CT ilionyesha maji tumboni na utando ulioganda kama tabaka, na maji yaliyovutwa kwa sindano yalikuwa na seli za saratani. Ugonjwa ulikuwa umesambaa kwenye peritonea. Ini na mapafu yalibaki safi hadi mwisho. Alipewa paklitakseli 80 mg kwa mita ya mraba kila wiki, wiki tatu kati ya nne. Maji yalipungua kwa miezi mitatu hivi. Idara ya tiba asili ilirudi, safari hii kwa vitobo vya sindano (akupancha) dhidi ya kichefuchefu tu, bila dawa ya kunywa, maana paklitakseli huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini vilevile ambavyo mizizi mingi huvichokoza. Alifariki mwezi wa 20, nyumbani, maumivu yakiwa yamedhibitiwa kwa mofini.

Uchambuzi: ini liliumizwa na nini?

Tibakemikali ilishukiwa kwanza kwa sababu ilikuwa jina pekee kwenye faili. Lakini kidonge cha mwisho cha kapesitabini kilimezwa wiki ya 16, na wiki tatu baadaye ALT ilikuwa bado inapanda. Kwa kawaida dawa iliyoachwa haiendelei kuumiza namna hiyo bila sababu nyingine. Mpangilio wa vipimo nao ulieleza. ALT ilikuwa mara 15 ya kikomo na ALP mara 1.3, ukigawanya unapata uwiano wa 11, na chochote kinachozidi 5 maana yake ni seli za ini zenyewe zilizoumia. Kuanza kwa madhara kulianguka ndani ya siku 90 tangu kuanza dawa, na ALT ilishuka zaidi ya nusu ndani ya siku 8 baada ya kuiacha. Kwenye mizani ya RUCAM, inayotumika kupima uwezekano wa dawa kuumiza ini, hizo ni alama za juu.

Kati ya vitu 19, mshukiwa mkuu ni heshouwu, mmea ambao wanasayansi huuita Polygonum multiflorum. Mamlaka ya dawa ya Uingereza iliutolea tahadhari mwaka 2006, na China yenyewe baadaye ikabana bidhaa zenye mmea huo. Watu wenye jeni la HLA-B*35:01 wako katika hatari kubwa zaidi. Farmakopia ya China, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inaruhusu gramu 3 hadi 6 za heshouwu mbichi, au 6 hadi 12 za iliyopikwa na juisi ya maharage meusi. Huyu alikuwa akinywa 30 za mbichi. Ezhu nayo ilizidi kiwango cha gramu 6 hadi 9. Tandu na unga usio na jina haviwezi kuondolewa kwenye lawama, na hilo ndilo tatizo la kanuni ya vitu 19: kikiharibika kitu, hakuna anayeweza kusema ni kipi.

ALT iliyopanda sana ikiambatana na macho ya njano si jambo la kumpeleka mtu nyumbani. Kati ya wagonjwa kumi wenye hali hiyo iliyosababishwa na dawa, mmoja hivi hufa au huhitaji ini jipya. Alipaswa kulazwa wiki ya 17, na ile 88 ya wiki ya 14 ilipaswa kuleta swali.

Uchambuzi: je, mchemsho ungeweza kuzuia kusambaa?

Hapa ndipo watu hudanganywa kwa ukweli nusu. Ni kweli kwamba maabara nyingi za China zimeonyesha dondoo za baihuasheshecao, banzhilian na ezhu zikipunguza mwendo wa seli za saratani ya tumbo, zikishusha vimeng'enya vinavyotafuna tishu kama MMP-9 na kurudisha protini ya E-cadherin inayoshikanisha seli. Kanuni nzima za "kuyeyusha kohozi na kutawanya vinundu" zimejaribiwa kwa panya na zikapunguza mishipa ya damu ya uvimbe. Lakini katika sahani ya maabara seli huogeshwa moja kwa moja ndani ya dondoo. Mchemsho wa kunywa hupita tumboni, hukatwakatwa na vijidudu vya utumbo, hupita kwenye ini, na kinachofika kwenye damu ni sehemu ndogo yenye umbo tofauti. Kisha ipo peritonea yenyewe: hata dawa ya mshipa yenye nguvu hufika huko kwa shida. Na kwa uvimbe uliotoboa utando wa nje wa tumbo la chakula, huenda seli zilikwishadondoka kabla ya kisu kushikwa. Neno "kuzuia isisambae" lilikuwa likizungumzia jambo ambalo labda lilikwisha kutokea.

Tafiti kwa binadamu zipo nyingi, hasa za mchemsho ukiunganishwa na tibakemikali. Nyingi ni ndogo, hazikuficha nani kapewa nini, na kila moja ina kanuni yake. Zinachoonyesha kwa uthabiti zaidi ni nafuu ya hamu ya kula, uchovu na kichefuchefu. Hiyo si kazi ndogo. Mgonjwa asiyekula hamalizi mizunguko minane, na kwa mtazamo wangu mchemsho wa wiki ya 4 ulistahili nafasi yake katika kisa hiki.

Tibakemikali kwa upande wake ina kipimo. Utafiti wa CLASSIC, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1035 wa Korea Kusini, China na Taiwan waliofanyiwa upasuaji wa D2, ulikuta asilimia 74 ya waliopewa mizunguko hii minane wako hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka mitatu, dhidi ya asilimia 59 ya waliopasuliwa tu. Mgonjwa wetu alipata minne kamili. Haiwezekani kusema kwamba minane ingemwokoa. Aina ya seli zake na kina cha uvimbe vilikuwa dhidi yake tangu mwanzo. Linaloweza kusemwa ni kwamba alinyang'anywa nusu ya tiba pekee iliyokuwa na ushahidi wa kuzuia kurudi, na akanyang'anywa na dawa iliyouzwa kwa jina la kazi hiyohiyo.

Wanaoitetea mitishamba hukumbusha, na kwa haki, kwamba irinotekani, inayotumika kwa saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa, inatokana na kemikali ya mti wa Kichina xishu, na kwamba paklitakseli ilitolewa kwenye gome la mti. Ila kilichoingia mshipani mwa mgonjwa huyu mwezi wa 14 kilikuwa molekuli moja, iliyopimwa kwa miligramu, yenye kiwango cha juu kinachojulikana na madhara yanayotarajiwa kwa siku zake.

Kilichobadilishwa katika utaratibu

Swali la "unatumia mitishamba?" lilifutwa kwenye fomu, maana jibu lake huwa hapana. Sasa muuguzi huuliza anachokunywa mgonjwa nyumbani, nani anakipika na kilianza lini, kabla ya kila mzunguko, na huuliza anayepika kuliko anayekunywa. Hata katika kliniki za Dar es Salaam au Nairobi, ambako vifurushi vya dawa za Kichina huuzwa pamoja na mizizi ya kwetu, swali la namna hii hufungua mdomo kuliko lile la lawama.

Kanuni yoyote huandikwa kwa herufi za Kichina, kwa gramu, ikitajwa kama ni mbichi au iliyotayarishwa. Banxia mbichi ni sumu. Fuzi (mzizi wa akonite) isiyochemshwa peke yake kwanza kwa nusu saa hadi saa nzima huweza kuua kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Mimea yenye asidi aristolokia huharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Kiganja kimoja cha dawa kavu hubaki kwenye mfuko wenye tarehe, ili kikitokea kitu kipelekwe maabara. Unga usio na jina haunywewi kabisa. ALT hupimwa wiki ya 2 na ya 4 baada ya kuanza mchemsho mpya, na ikizidi mara 2.5 ya kikomo, kapesitabini na mchemsho husimama pamoja siku hiyo, kisha ndipo chanzo hutafutwa.

Watoto watatu walishauriwa kupimwa H. pylori kwa kipimo cha pumzi. Jaribio kubwa lililoanza mwaka 1995 wilayani Linqu, Shandong, lilionyesha kwamba tiba ya wiki mbili tu ya bakteria huyo ilipunguza saratani ya tumbo kwa karibu nusu katika miaka 22 ya ufuatiliaji. Wawili walikutwa nao, wakapewa dawa nne kwa siku 14 na kupimwa tena wiki sita baada ya kumaliza. Wa tatu aliambiwa asubiri: alikuwa akinywa huanglian, mzizi mchungu wa Kichina, kwa ajili ya tumbo lake, na dawa inayodhoofisha bakteria bila kumuua huweza kutoa jibu la hasi la uongo. Aliiacha kwa wiki nne, akapuliza kwenye mfuko, jibu likawa chanya.